Je, Wajua? Mkwe, Karani na Mitungi Sita ya Pombe

Je, wajua kwamba ugomvi wa ukweni unaofungua mojawapo ya riwaya ndefu kabisa za Kiswahili ulimalizwa kwa mitungi sita ya pombe ya ndizi? Wazee hawakudai ng'ombe wala fedha. Walidai pombe, na walimdai mkwe mwenyewe.

Riwaya hiyo ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, na mwandishi wake ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Ukitoka Busisi, upande wa Sengerema, Ukerewe si safari ya kutisha: unavuka Ghuba ya Mwanza, unaingia mjini Mwanza, unapanda meli ya kwenda Nansio, Ukerewe. Lakini wasomaji wengi wa kando ya ghuba hii wamelisikia jina la kitabu tu, na wengine wamekikwepa kwa sababu ya unene wake. Wamejinyima kicheko cha bure.

Mambo yalikuwa hivi. Myombekere na Bugonoka wanapendana, ila mtoto hawana. Ndugu wa mume wanaanza maneno: huyu mwanamke anakaa hapa anafanya nini, mfukuze uoe mwingine. Maneno hayana mguu lakini yanafika, nayo yakafika kwa wazazi wa Bugonoka. Baba yake, Namwero, na mama yake, Nkwanzi, wakaja, wakamchukua binti yao, wakaondoka naye. Myombekere, ambaye hakuwahi kumtukana mkewe, akabaki na nyumba isiyo na moto jikoni. Kosa walifanya ndugu zake. Adhabu akapewa yeye.

Hapo ndipo kichekesho kinapoanza kukolea, kwa sababu kumrudisha mke si jambo la kwenda mara moja na kurudi naye. Mkwe hapazi sauti ukweni. Anakwenda na watu wa kumsemea, anakaa anapoonyeshwa, anasalimia kwa unyenyekevu, anasubiri. Shauri linasikilizwa kwa zamu. Wazee wanatoka nje kuteta, wanarudi, wanauliza upya yaleyale waliyokwisha kujibiwa. Yeyote aliyewahi kufuatilia faili lake kwenye ofisi ya umma ataitambua hali hiyo papo hapo. Mimi nimeisoma sehemu hiyo ya kitabu nikiwa na hakika kwamba Mzee Namwero angekuwa Afisa Utumishi hodari sana.

Hatimaye hukumu ikatoka: mitungi sita.

Ili kuelewa uzito wake, tazama pombe ya ndizi inavyotengenezwa katika nchi za kuzunguka ziwa hili. Mikungu hukatwa ikiwa imekomaa, ikafukiwa kwenye shimo lililopashwa moto na kufunikwa kwa majani ya mgomba. Baada ya siku kadhaa ndizi huwa zimeiva na kulainika. Humenywa, zikawekwa ndani ya chombo kirefu cha mti kilichochongwa mfano wa mtumbwi, zikakandwa pamoja na nyasi mpaka maji yake yatoke. Maji hayo huongezwa maji safi, yakachujwa, kisha hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yakafunikwa yapate joto usiku kucha. Kesho yake pombe imechachuka, na saa zake zimeanza kuhesabika, maana ikicheleweshwa inageuka siki. Sasa fikiria mwanamume aliye peke yake nyumbani afanye hayo yote, tena kwa mitungi sita, kisha aibebeshe watu mpaka kijiji kingine kabla haijaharibika.

Hawezi. Lazima aombe ndizi kwa huyu, mtungi kwa yule, mikono kwa majirani wote. Hapo ndipo ilipo akili ya faini ile. Fedha angelipa peke yake na kuondoka amenuna. Pombe ilimlazimisha apite mlango kwa mlango akieleza shida yake, na kila aliyemsaidia akawa shahidi kwamba Myombekere anamtaka mkewe. Namwero hakuwa mlevi tu, ingawa pombe aliinywa.

Bugonoka alirudi. Baadaye mganga Kibuguma akawapa dawa, wakapata Ntulanalwo, kisha Bulihwali. Hayo mengine usome mwenyewe.

Je, wajua kwamba aliyeandika yote hayo alikuwa mtu wa kalamu na karatasi za kazini? Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa Ukerewe. Alisoma misheni ya Kagunguli, kisha akavushwa ziwa kwenda seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, alikojifunza Kilatini na Kijerumani miongoni mwa masomo mengine. Upadri hakuufikia. Alioa mwaka 1919, akaajiriwa katika kampuni ya biashara ya Waitalia mpaka ulipofika wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kisha akarudi Kagunguli kuwafanyia kazi mapadri: kutafsiri, kufundisha, kuandika. Yeye na mkewe Anna hawakubakiwa na mtoto hata mmoja, na hakumwacha wala kumletea mke mwenza. Ukilijua hilo, vicheko vya sura za mwanzo vinabadilika ladha kidogo.

Muswada aliumaliza Februari 1945, kwa Kikerewe. Kuanzia hapo riwaya ya ofisi ikaanza, isipokuwa hii hakuiandika, ilimpata.

Padri Almas Simard, Mkanada wa Shirika la White Fathers, ndiye aliyemtia moyo, naye akashughulika na kuigeuza riwaya kwa Kifaransa. Simard akafariki mwaka 1954 kitabu hakijatoka. Wachapishaji jibu lao lilikuwa lilelile ambalo waandishi wa lugha ndogo wanalijua kwa moyo: wasomaji wa Kikerewe ni wachache, hakuna biashara. Miaka ikapita. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaja Ukerewe watafiti wa Kimarekani, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, wakamkuta mzee ana kitabu ndani ya sanduku. Ndipo Kitereza, akiwa na zaidi ya miaka 70 na vidole vilivyokwisha kukamatwa na ugonjwa wa viungo, akakaa chini kukitafsiri chote kwa Kiswahili yeye mwenyewe. Muswada ukaenda Dar es Salaam, Tanzania Publishing House. Shirika la umma, nawe unajua mambo ya mashirika ya umma ya zama zile: karatasi hakuna, fedha za kigeni hakuna, mhusika yuko safarini. Kitabu kikaandikwa kuwa cha mwaka 1980, kikachapwa China, nakala zikapakiwa melini.

Kitereza alifariki Aprili 1981. Nakala zilifika baada ya mazishi.

Miaka 36 tangu alipoweka nukta ya mwisho! Myombekere alisumbuliwa na wakwe, lakini angalau aliambiwa idadi ya mitungi. Mwandishi wake hakuambiwa.

Je, wajua kwamba kisiwa hichohicho kimetoa benchi maarufu kuliko yote katika riwaya ya Kiswahili? Ni benchi la nje ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya, katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akasoma seminari ya Nyegezi, kandokando ya ghuba hii. Riwaya inaanza na Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, akienda kumwona Mkuu wa Wilaya aitwaye Manase. Wanajuana. Walikua pamoja, walisoma pamoja. Lakini sasa kati yao kuna mlango, na mlangoni kuna karani, na karani anasema subiri.

Kazimoto anasubiri. Mkubwa ana shughuli. Anaendelea kusubiri.

Ni kurasa za kuchekesha mpaka ujue kilicho nyuma ya mlango. Manase huyohuyo amempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na jambo hilo linaiharibu familia. Kazimoto naye anaamua kulipiza kisasi kwa Sabina, dada yake Manase, lakini mtego unamnasa mwenyewe: anampenda, anamwoa. Basi yule bosi aliyemweka benchini anakuwa shemeji yake. Jiulize mwenyewe: shemeji wa namna hiyo utamwamkia vipi kwenye sherehe? Sijui kitabu kingine cha Kiswahili kilichounganisha ofisi na ukweni kwa fundo gumu namna hiyo. Mwisho wake hauchekeshi hata kidogo, na wanaokisoma kama kitabu cha falsafa tupu husahau kwamba kilianza na mtu anayetazama saa nje ya mlango wa mkubwa.

Miaka mitatu kabla ya hapo Kezilahabi alikuwa ametoa Rosa Mistika, ambamo barua moja tu ya mvulana, ikiwa mikononi mwa baba mkali na mlevi aitwaye Zakaria, inatosha kumletea binti kipigo kikali. Kitabu kikapigwa marufuku shuleni. Wanafunzi, bila shaka, wakakisoma chini ya madawati.

Sasa turudi Busisi kwenyewe.

Je, wajua kwamba kwa miongo mingi kivuko cha Kigongo na Busisi kilikuwa kisingizio kinachoheshimika kuliko vyote Kanda ya Ziwa? Kigongo iko Misungwi, Busisi iko Sengerema, katikati kuna maji ya ghuba yasiyozidi sana kilometa 3. MV Mwanza, MV Misungwi na MV Sengerema zilivusha malori, mabasi, maharusi na majeneza. Kwenye maji yenyewe ulikuwa mwendo wa nusu saa hivi. Foleni ndiyo iliyokula siku. Ungekuta mabasi ya Geita na Bukoba yamepanga mstari, abiria wameshuka wananyoosha miguu, mama mwenye beseni la samaki wa kukaanga anapita dirisha kwa dirisha, kijana mwenye mihogo nyuma yake, na salamu za Kisukuma, "mwangaluka mayu", zikitembea kama hakuna mwenye haraka duniani. Ndani ya kundi hilo hakukosekana mtumishi wa serikali anayepaswa kuwa mezani saa moja na nusu.

Mazungumzo ya asubuhi katika ofisi za pande zote mbili yalikuwa na umbo moja:

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Saa nne hii. Ulikuwa wapi?"

"Kivuko, mkuu."

"Kivuko kimefanyaje?"

"Kimoja kibovu. Kingine kimepakia magari ya msafara."

Na hapo bosi alinyamaza, kwa sababu wiki iliyopita yeye mwenyewe alikuwa ametumia kivuko hichohicho kwa mkubwa wake.

Kwa upande wa familia kisingizio kilikuwa na nguvu zaidi. Mtu hakwenda kwenye msiba wa mjomba, akasema kivuko. Hakupeleka mtoto kwa bibi yake likizo nzima, akasema kivuko. Kuna ndugu waliokaa miaka bila kuonana, mmoja Mwanza na mwingine Sengerema, na ukiwauliza kulikoni, kila mmoja alikuelekeza majini. Ugomvi wa kiwanja hawakuutaja.

Tarehe 7 Desemba 2019 Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la daraja. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akalizindua, likiwa na jina la mtangulizi wake: kilometa 3 za urefu, mita 28.45 za upana, limejengwa na kampuni mbili za China. Gari linavuka kwa dakika chache. Mengi yameandikwa kuhusu faida zake kwa dhahabu ya Geita, samaki na mizigo ya nchi jirani, na yote ni kweli. Ila sijaona mahali palipoandikwa kwamba siku ile maelfu ya watumishi na wakwe walinyang'anywa utetezi wao wa mwisho. Wauza mihogo wa gatini angalau walilalamika waziwazi.

Je, wajua kwamba Kiswahili cha ofisi kina mwaka wake wa kuapishwa? Ni 1967, Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alipoagiza shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Kutoka hapo tukapata masijala, dokezo, jalada, na ile "Yah:" inayokaa juu ya barua ikiwa imepigiwa mstari. Tukapata "kupitia kwa", yaani barua yako isimfikie mkubwa mpaka wadogo wake watatu waione. Tukapata na miisho ya barua iliyomfanya mtu anayeomba ruhusa ya siku mbili aonekane anajenga taifa.

Mtu akishakaa miaka 20 katika lugha hiyo haimtoki jioni anapofunga ofisi. Tazama barua ya posa. Inaandikwa kwa heshima zote, inakabidhiwa na mshenga, inaambatana na bahasha ya fedha, na wapo wazee wasiokubali kuifungua mpaka bahasha iwe na uzito unaofaa. Kisha jibu linacheleweshwa kwa makusudi, ili upande wa mume usidhani binti aliokotwa. Nikitazama utaratibu huo sijui nani alimwiga nani. Nadhani ofisi ndiyo iliyoiga.

Shaaban Robert angeweza kutueleza, maana yeye alikuwa karani hasa, tangu mwaka 1926 katika idara ya forodha ya serikali ya kikoloni. Katika Utubora Mkulima anamtoa shujaa wake kwenye kazi nzuri ya ofisini na kumpeleka shambani. Lakini kituko chenyewe kiko katika Adili na Nduguze. Mfalme Rai anaona kodi ya jimbo la Janibu imechelewa. Anamtuma mtu wake, Ikibali, kuifuatilia. Ikibali anapokelewa vizuri na liwali Adili, analishwa, analazwa, na usiku anachungulia, kama mkaguzi yeyote mzuri anavyochungulia. Anaona nini? Anamwona liwali amewafungua nyani wawili, anawachapa, kisha analia.

Ikibali anarudi na kodi pamoja na habari hiyo, na mfalme anamwita Adili ajieleze. Nyani wale ni kaka zake, Hasidi na Mwivu, waliomtupa baharini kwa wivu wakageuzwa nyani na majini; kuwachapa kila usiku ni amri aliyopewa, na asipoitii yeye ndiye atakayeadhibiwa. Habari yenyewe ina mizizi katika Alfu Lela u Lela, lakini tazama mpangilio wake: aibu ya familia inafichuliwa na afisa wa kodi, na suluhu inapatikana kwa barua rasmi, Rai anapowaandikia majini kuomba wale ndugu wasamehewe. Majini wakaijibu barua. Katika ofisi kadhaa nilizozijua mimi, hata isiyo na majini haijibiwi.

Na Ukerewe haijaisha. Gabriel Ruhumbika, aliyezaliwa huko mwaka 1938, alitoa Miradi Bubu ya Wazalendo mwaka 1992, mfanyakazi wa chini aitwaye Saidi akiwa upande mmoja na Nzoka anayepanda vyeo akiwa upande mwingine. Kicheko chake ni kikavu; anakuacha uone mwenyewe jinsi mkubwa anavyofungua miradi yake ya pembeni huku akihutubia wengine kuhusu kujitolea. Ruhumbika huyo ndiye aliyekaa na muswada wa Kikerewe wa Kitereza na kuutafsiri kwa Kiingereza, ukachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2002. Kijerumani kilikuwa kimetangulia, kwa kazi ya Wilhelm Möhlig, na Kifaransa pia. Watu watatu wa wilaya moja ya visiwa, na sehemu kubwa ya riwaya ya Kiswahili imesimama juu ya mabega yao.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, riwaya yenyewe hasa ya masijala bado haijaandikwa. Tunazo sura za mwanzo, tunalo benchi, tunao nyani. Hatuna kitabu kizima cha karani wa Sengerema mwenye mhuri uliopotea, bosi ambaye ni binamu ya mkewe, na kaka wa ng'ambo asiyesemeshana naye tangu baba yao agawe shamba. Wahusika wote hao wapo, na sasa wanavuka kwa dakika chache, kwa hiyo hawana budi kukutana. Ndugu msomaji uliye kwenye meza ya namna hiyo, anza kuandika wakati wa chai. Ukimaliza, tengeneza nakala, moja uitunze kwako, na usiwaachie muswada mpaka wakupe tarehe iliyopigwa mhuri.